Chai ya Rangi Haiongezi Damu

Mama Cornel, jirani yetu hapa Zombo, anasimulia kwamba mpwa wake wa Mikumi alipungukiwa damu akiwa mjamzito. Anasema binti yule aliacha vidonge vya kliniki, akawa anashushia kila mlo kwa chai ya rangi, kali, nyekundu. Akajifungua mapacha wenye afya.

“Damu inafuata rangi,” anasema pale bombani, na wanawake wanaitikia.

Wifi yangu Agatha alimwamini. Mimba yake ilikuwa kubwa. Vidonge akavisukuma chini ya godoro. Kila akila maharage na matembele, kikombe cha chai kiko pembeni. Ikawa kwenye palizi anakaa chini, anahema. Akaanza kulamba udongo wa ukutani.

“Jembe limemshinda kabla hajalishika,” kaka Frank alicheka.

Iliniuma. Mtu anaisha mbele yetu, sisi tunacheka!

Nikampeleka zahanati. Nesi Tumwagile akamfunua ukope wa chini. “Kweupe kama sembe! Nani kakukataza vidonge?”

Agatha akamweleza habari ya chai ya rangi.

“Ukinywa chai kali, ulimi si unakauka?”

“Unakauka.”

“Hiyo ni tanini, imo kwenye majani ya chai. Ukila huku unakunywa chai, tanini inayashika madini ya chuma ya maharage na mboga. Mengi yanapita tu, mwili hauyapati. Na bila chuma damu haitengenezwi. Sasa hiyo rangi imekuongezea nini?”

“Tuache chai kabisa?” niliuliza.

“Kunyweni, ila mbali na chakula na vidonge, saa moja au mbili. Mboga ikamulieni limau, linasaidia chuma kuingia mwilini. Vidonge meza kila siku. Chakula peke yake hakikutoshi sasa. Na udongo acha.”

Nyumbani, Agatha akavitoa vidonge chini ya godoro, na Frank mwenyewe akaondoa birika mkekani. Taratibu Agatha akarudi kuwa Agatha. “Jembe langu liko wapi, mvivu wewe?” akamtania mumewe. Mtoto alizaliwa analia kwa nguvu, na mama yake akainuka bila kizunguzungu.

Nikaenda kwa Mama Cornel. Chai ilikuwa inachemka jikoni.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba, mwanangu.”

“Yule mpwa wako, vidonge aliacha kweli?”

“Mh! Mama mkwe wake alimsimamia. Alimeza vyote.”

“Mbona hukusema?”

“Hadithi ingekuwa ndefu.”

Ndefu! Nilishika kanga yangu, nisije nikamkosea adabu mtu mzima.

“Mama, Naomi wa bondeni ni mjamzito. Ametupa vidonge kwa maneno yako. Twende sasa hivi, ukamwambie kwa mdomo wako.”

Mama Cornel akainama, akachomoa kuni motoni, akatangulia njia ya bondeni.