Kompyuta ya Wakesho na Sauti ya Nyanya Syokau

Kila Jumanne na Jumamosi, wanawake wa kikundi cha ususi cha kijiji cha Rukanga hukutana nyumbani kwa Wakesho. Hutandika mikeka upande wa nyumba wenye kivuli, mlima Kasigau ukiwa nyuma yao. Kila mmoja huja na kikapu chake na nyuzi zake za mkonge. Mikono inasuka, midomo inapiga soga.

Wakesho ndiye katibu wa kikundi. Kazi yake ni kutunza mitindo. Kwa miaka sita amepiga picha kila kikapu kizuri kilichosukwa hapo. Pia amerekodi sauti za wasusi wakieleza wanavyosuka. Alitumia simu yake, na simu ilipojaa, alihamishia kila kitu kwenye kompyuta. Baadaye ile simu ilitumbukia kwenye ndoo ya maji ikafa. Tangu siku hiyo, mitindo yote ya kikundi iliishi mahali pamoja tu, ndani ya kompyuta ndogo ya kukunja iliyokaa sebuleni, imefunikwa kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono.

Rekodi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya Nyanya Syokau. Mama huyu wa Kikamba alijua mtindo mmoja ambao hakuna mwingine aliyeujua. Rangi mbili zilipanda kikapu kama ngazi, zikazunguka, mwanzo wake usionekane. Nyanya Syokau alifariki mwaka jana. Alikuwa ameacha dakika arobaini za maelezo, na Jumamosi iliyokuwa inakuja, mjukuu wake Koki angetoka kijiji cha Marungu kuja kujifunza mtindo huo.

Wiki hiyohiyo, Wakesho alipofungua kompyuta, ujumbe ulitokea tena. Ulisema kwamba Windows 10 haipati tena masasisho ya usalama. Kwa wiki nyingi alikuwa akibofya mahali palipoandikwa "nikumbushe baadaye". Safari hii aliusoma mpaka mwisho. Hakuogopa, alifurahi. Alikuwa ameona Windows 11 kwenye kompyuta ya binti yao Lynn chuoni, akaitamani kama mtoto anavyotamani nguo ya Krismasi.

Mumewe Sylus hakutaka kusikia. Alisema kompyuta inafanya kazi, basi iachwe.

"Hata ile redio yako ilikuwa inafanya kazi, Baba Lynn," Wakesho alimwambia. "Ukaifungua kuipangusa vumbi. Sasa kuku anatagia ndani."

Sylus alicheka, lakini hakukubali. Donald, shemeji yake Wakesho, naye alipiga simu kutoka Mombasa na kutoa ushauri wake. Alisema dawa ya kompyuta ni kufuta kila kitu na kuweka mfumo mpya juu ya mashine safi. Akamwonya Wakesho aweke kwanza vitu vyake kwenye flashi.

Hilo Wakesho alilijua. Kwenye uso wa kompyuta palikuwa na vipicha vidogo ambavyo Donald alimpangia zamani: kimoja cha mitindo, kimoja cha picha, kimoja cha sauti. Alivinakili vyote kwenye flashi. Kisha akabofya kile cha sauti, hukohuko kwenye flashi, ili ahakikishe. Nyanya Syokau akaanza kuzungumza. Wakesho akapiga makofi peke yake sebuleni. Alijiona fundi kamili.

Alhamisi asubuhi alifika Voi, kwenye duka dogo la Immaculate. Immaculate ni msichana wa Wundanyi aliyesomea kompyuta. Huongea taratibu na hapendi kuharakishwa. Wakesho hakungoja hata kukaribishwa kiti.

"Futa yote, dada," alisema, huku akiweka kompyuta mezani. "Weka Windows 11. Vitu vyangu viko kwenye flashi hii."

"Nitakuwekea, mama, mashine yako ikifaa," Immaculate alijibu. "Lakini kwanza niambie, kwa nini unataka kubadilisha?"

Wakesho alikiri kwamba sababu ya kwanza ni kuwa ile mpya inapendeza. Immaculate akatabasamu. Akamweleza kwamba Windows ni mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoziambia sehemu zote za kompyuta zifanye nini. Watengenezaji wake wakigundua tundu ambalo wezi wa mtandaoni wanaweza kupitia, wanaliziba. Kuziba huko ndiko kunakoitwa masasisho ya usalama. Kwa Windows 10, kazi hiyo ilifika mwisho wake Oktoba 2025, isipokuwa kwa wale waliojiandikisha kuongezewa muda, na muda huo si mrefu.

"Kwa hiyo itazimika?" Wakesho aliuliza.

"Haitazimika. Itawaka kesho kama kawaida. Ila kila tundu jipya litabaki wazi. Je, wewe huingia mtandaoni?"

"Kila siku. Natuma picha za vikapu kwa wanunuzi."

"Basi hiyo ndiyo sababu nzuri ya kubadilisha. Kupendeza kunakuja nyuma yake."

Akamwonya kuhusu jambo lingine pia. Ujumbe wa kweli hutoka kwenye mipangilio ya kompyuta yenyewe. Ukiona tangazo kwenye tovuti likikutaka upige namba fulani au ushushe programu usiyoijua, lifunge.

Kisha Immaculate akachukua ile flashi, akaichomeka kwenye kompyuta yake mwenyewe. Vipicha vitatu vikatokea. Akabofya cha mitindo. Hakikufunguka. Akabofya cha picha. Hakikufunguka. Wakesho akavuta kiti karibu.

"Bofya cha sauti," alisema. Sauti yake mwenyewe ilikuwa imepungua.

Immaculate alibofya. Kompyuta ikaandika kwamba kitu hicho hakipatikani. Nyanya Syokau hakusema neno.

Wakesho alieleza kwamba nyumbani sauti ilifunguka, tena aliisikia kwa masikio yake. Immaculate akamwonyesha kimshale kidogo kwenye pembe ya kila kipicha.

"Hii ni njia ya mkato," alisema kwa upole. "Ni kama kibao cha barabarani kilichoandikwa Rukanga. Kibao kinaonyesha njia tu, kijiji hakiko ndani yake. Nyumbani ilifunguka kwa sababu vitu vyenyewe vilikuwa humohumo ndani ya kompyuta. Kama ningefuta, ungebaki na vibao vitatu."

Wakesho alimfikiria Koki akishuka Jumamosi na furushi lake la mkonge, halafu yeye, katibu, akimpa vibao.

"Mama, mkisuka kikapu kwa kuiga kingine, mnajuaje kwamba kimetoka sawasawa?" Immaculate aliuliza.

"Tuna kanuni," Wakesho alijibu polepole. "Aliyesuka haruhusiwi kukikagua. Macho yake yanamdanganya. Tunampa mwingine, anakigeuza ndani nje, anahesabu mistari. Mpaka yeye aseme sawa, kile cha kwanza hakiondoki."

Alipomaliza kusema hayo, akajishika mdomo. Kisha akaanza kucheka, mpaka Immaculate naye akacheka. Kanuni hiyo aliisimamia yeye mwenyewe kila wiki, tena kwa ukali.

"Basi kompyuta yangu ndiyo imesuka," alisema, "na mimi nimeiacha ijikague."

Walianza upya. Immaculate alimfundisha kutafuta mafaili yenyewe, kule yalikokuwa yamehifadhiwa. Wakesho ndiye aliyeshika kipanya. Alinakili mitindo yote, picha zote na sauti zote. Safari hii kazi ilichukua muda, kwa sababu vitu vyenyewe vilikuwa vinahama. Walipochomeka flashi kwenye kompyuta ya dukani, Nyanya Syokau alikohoa, akaanza maelezo yake. Wakesho alifunga macho kwa shukrani. Kisha akaomba nakala ya pili, kwenye flashi nyingine ya kumpa Sylus aitunze.

Baada ya hapo walipima kama mashine inafaa. Ipo programu ya bure ya kupima, ya watengenezaji walewale. Hukagua umri wa kichakataji, yaani ubongo wa kompyuta, ukubwa wa kumbukumbu, nafasi iliyobaki na kifaa kidogo cha usalama kilicho ndani. Jibu la kwanza lilikuwa kwamba haifai. Wakesho akaguna. Immaculate akasoma sababu, akaona ni kile kifaa tu, nacho kilikuwepo ila kilikuwa kimezimwa. Akakiwasha kwenye mipangilio, akapima tena. Alama ya kijani ikatokea, na Wakesho akampiga Immaculate begani kwa furaha.

"Na ingekataa kabisa?" aliuliza.

Immaculate alisema bado zipo njia. Mtu anaweza kujiandikisha kuongezewa muda wa masasisho. Anaweza kuweka mfumo mwingine wa bure, kama Linux. Au anaweza kujipanga taratibu kununua mashine nyingine, huku ile ya zamani akiitumia bila mtandao. Hakuna haja ya kuitupa.

Kwa kuwa Windows 10 ya Wakesho ilikuwa halali, hakulipia mfumo mpya. Alilipia kazi ya fundi tu. Immaculate pia hakufuta kitu. Aliweka mfumo mpya juu ya ule wa zamani, mafaili yakabaki mahali pake. Alichomeka chaja, maana umeme wa betri ukiisha katikati ya kazi, mambo huharibika. Akasema pia kwamba ndani ya siku kumi mtu asiporidhika anaweza kurudi kwenye mfumo wa zamani. Kompyuta ilizima na kuwaka mara kadhaa. Kila ilipozima, Wakesho aliacha kutafuna karanga zake. Ilipowaka mara ya mwisho, ikiwa na sura mpya, aliitazama kama mtu anayetazama nyumba yake iliyopakwa rangi.

Jumamosi Koki alifika mapema. Sylus ndiye aliyetoa kompyuta nje. Alikuwa amekwisha kukagua ile flashi yake mara mbili kwenye kompyuta ya jirani, na alimweleza kila mwanamke habari za vimshale kana kwamba alizigundua yeye.

Wanawake walisogea karibu. Wakesho akabofya. Sauti ya Nyanya Syokau ikatoka, kavu na yenye utani, ikimwambia Wakesho wa miaka ile aache simu ashike mkonge. Koki aliinamisha kichwa kidogo. Kisha akaokota nyuzi zake akaanza kufuata. Mzunguko wa kwanza ukaenda. Wa pili ukaenda. Kwenye wa tatu, rangi nyekundu ikaingia mahali pa nyeusi, na Koki hakuona.

"Hapo umekosea," ilisema sauti kwenye kompyuta. "Kila mtu hukosea hapo. Fumua, uanze tena."

Koki alitazama mikono yake. Akacheka huku machozi yakimtoka, akaanza kufumua.

"Ndiyo, nyanya," alijibu.