Migomba Kando ya Ukuta

Ta! Kabla ya kupambazuka, kipande cha plasta kilianguka ndani ya beseni. Mama Odette aliamka. Alimvuta mjukuu wake Aurélie mbali na ukuta, akamfunika vizuri. Kisha akaupapasa ufa. Kidole kizima kiliingia.

Nyumba hii ya Durban yeye na mwanawe waliinunua baada ya miaka mingi ya kuuza nguo kule soko la Warwick. Hawakuwa na nyingine.

Asubuhi, mwanawe Méthode alimleta Pacifique, fundi wa kanisani kwao.

"Usiogope, mama," Pacifique alisema. "Jumapili kikundi cha maombi kinakuja hapa, si ndiyo? Nitaziba, nitapaka rangi. Hakuna atakayejua."

"Mimi nitajua. Uliziba mwaka jana, na ufa umerudi."

"Eish, mama! Mimi ni ndugu yenu!"

"Ndiyo, ndugu. Tutaomba pamoja. Lakini ukuta huu huugusi kabla hujachimba tukaona msingi."

Mama Odette alisimama mlangoni, mikono kiunoni. Méthode aliona aibu. "Mama, watu wa kanisa watasemaje?"

"Waseme! Anayelala hapa ni mtoto, si wao."

Pacifique alikasirika. Hata hivyo, kabla ya kuondoka, alikibeba kitanda cha Aurélie mpaka sebuleni. Mama Odette aliliona hilo.

Kisha alimwita jirani yake Huguette, ambaye husimamia kazi za ujenzi. Huguette alichimba kando ya ukuta, akaukanda udongo kiganjani. Ulishikamana kama ugali.

"Huu ni udongo wa mfinyanzi," alisema. "Ukipata maji, unavimba. Ukikauka, unasinyaa. Unainua nyumba, unaishusha, mpaka inapasuka. Hapa maji yanatoka wapi?"

Mama Odette aliitazama migomba yake. Aliipanda karibu na ukuta, kama kwao Burundi. Kila jioni aliimwagia maji ya vyombo.

"Kumbe ninaubomoa mwenyewe!"

"Na mfereji wa paa umevunjika, mama. Unamwaga palepale."

"Basi nitafute fundi wa namna gani?"

"Anayechimba kwanza, ndipo aseme la kufanya. Nenda uone nyumba aliyotengeneza zamani, uwaulize wenyewe. Andikeni mapatano. Na asichimbe chini ya ukuta wote kwa mara moja, utaanguka. Achimbe kipande, amwage zege, likishakuwa gumu ndipo aende kipande kingine."

Jumapili wageni walifika. Mama Odette hakuuficha ufa kwa pazia.

"Karibuni. Ufa wetu ni huu. Uombeeni, lakini msiuegemee!"

Walicheka wote, isipokuwa Pacifique.

Méthode aliing'oa migomba, akaipanda mwisho wa uwanja. Mfereji ulitengenezwa. Udongo ulipotulia, fundi Léonce, ambaye kazi zake Mama Odette alizikagua kwanza, aliimarisha msingi kipande kwa kipande. Plasta ilikuja mwisho.

Mvua kubwa za majira ya joto zilinyesha, zikapita. Aurélie alirudi chumbani kwake. Beseni lilibaki tupu.

Siku moja Pacifique alibisha hodi. Aliupitisha mkono ukutani, juu mpaka chini.

"Mama," alisema, "hata kwangu iko migomba kando ya ukuta. Na mlango haufungiki tena."

Mama Odette hakumcheka. Alimpa chai.

"Kesho nitakuja na Huguette. Tutachimba tuone."

"Njooni, mama. Lakini msiishie kesho. Mvua ikinyesha, mje tena muone maji yanaingilia wapi."