Mke Aliyezikwa kwa Maneno

"Na Marlene anaendeleaje?"

Bi Cleonice aliuliza huku akituwekea mezani samaki na uji mzito wa muhogo, pale gatini kwake, mji wa pwani wa Paraty. Anselmo, mwanaume niliyebakiza siku nne nifunge naye ndoa, akakohoa.

"Yupo," akajibu.

Yupo! Kijiko kikanisimama mkononi.

Mimi ni Zuleide, mjane wa miaka arobaini na saba, muuza dawa kutoka mji wa milimani. Tangu siku ya kwanza Anselmo aliniambia mkewe Marlene alifariki. Nililia naye, maana na mimi nilimzika wangu. Ndipo akanichukua kwa mashua yake ya tanga kutoka Angra, twende taratibu, gati kwa gati kwa marafiki zake, hadi Ilhabela kwenye harusi. Vyeti, alisema, tutashughulikia baadaye. Kila tulipofika walitukumbatia, wakatudakia kamba, wakatupa kahawa. Lakini wakiniangalia mimi, macho yao yalikimbilia majini.

Nikamfuata Bi Cleonice jikoni.

"Bi, niambie ukweli. Marlene ni nani?"

"Mkewe, mwanangu. Anaumwa, yuko Angra kwa dada yake."

"Yu hai?"

"Yu hai. Nimeuliza mbele yako makusudi. Huko ulikopita wamekuonea haya. Mimi nina mabinti, siwezi."

Nilirudi chomboni. Anselmo alikuwa ameshatangulia, anakunja tanga ambalo lilikuwa limekunjwa tayari.

"Anselmo, maiti anaendeleaje?"

"Zuleide, ngoja nikueleze."

"Nakusikiliza."

"Kwangu mimi amekufa. Ana ugonjwa wa kusahau. Siku ya mwisho niliyomwona aliniuliza, 'Kaka, umekuja kutengeneza bomba?' Miaka ishirini na sita ya ndoa! Wewe ungefanyaje?"

"Ningelia. Lakini nisingemchimbia kaburi yuko hai."

"Nilikuwa mpweke."

"Upweke naujua, nimelala nao miaka sita. Haukunifundisha kuua mtu kwa mdomo."

Akakaa chini, kichwa mikononi. Simu yake ikalia juu ya sanduku la kamba. Aliitazama, akaigeuza kifudifudi. Nikaichukua. Ulikuwa ujumbe wa Odete, dada yake Marlene:

"Shemeji, leo kaamka vizuri, anakuulizia kwa jina. Kakataa kula mpaka urudi. Wiki ya tano hii hupokei simu. Pokea leo tu, nakuomba."

"Usipige," akasema Anselmo. "Zuleide, nakusihi, usipige."

Nikapiga, nikaweka sauti ya juu.

"Shemeji! Afadhali jamani!" Odete alikuwa analia. "Usikate, usikate, ongea naye."

Halafu ikaja sauti nyingine, laini, ya mtu asiye na haraka.

"Anselmo? Mbona umekawia? Upepo umekataa?"

Niliwahi kuwaona wanaume wakilia. Nilikiona kilio cha mume wangu alipoambiwa siku zake zimekwisha. Lakini sikuwahi kuona mtu akilia vile, ameziba mdomo kwa viganja viwili ili mkewe asimsikie.

"Mjibu," nikamnong'oneza.

Akatikisa kichwa.

"Anselmo? Upo?"

"Yupo, dada," nikasema mimi. "Upepo ulikuwa umekataa. Sasa umekubali. Anageuza mashua, anakuja nyumbani."

"Ah, asante. Na wewe ni nani, mwenzangu?"

Nilimtazama Anselmo.

"Abiria tu, dada. Mimi nashukia hapa Paraty."

"Haya, shuka salama. Mwambie ale."

Nilipokata simu, Anselmo alinishika upindo wa gauni.

"Na sisi?"

"Nenda kwa mkeo."

"Kesho atanisahau tena, Zuleide."

"Inawezekana. Basi utajitambulisha upya."

"Nakupenda. Hilo sikudanganya."

"Najua. Ndiyo maana linauma."

Nilivua pete, nikaiweka kiganjani mwake, nikakifunga kiganja kwa mikono yangu. Nilibeba begi langu, nikashuka gatini, nikamfungulia kamba mwenyewe. Mashua ikasogea, ikageuza pua kuelekea Angra, na tanga likajaa.

Bi Cleonice alikuja akasimama kando yangu, mikono ikinuka ndimu.

"Unampenda bado?"

"Nampenda, Bi."

Hakunipa mawaidha. Alichukua begi langu, akanitangulia hadi kituo cha gari la bara, akakaa nami kwenye benchi hadi saa kumi. Gari lilipoanza kupanda mlima, nilichungulia dirishani. Mashua zilikuwa nyingi mno ghubani, zote matanga meupe. Sikuweza kujua ipi ni yake.