Nondo za Bwana Ghorofa

Mimi ni fundi cherehani. Cherehani yangu iko sebuleni, karibu na dirisha la uani. Ukichungulia hapo unaona chumba cha nyuma, tulichokiongeza miaka minane iliyopita. Humo anakaa mama mkwe wangu. Paa lake ni la zege, na kila pembe ya paa ina nondo za chuma zilizochomoza kuelekea juu, kama za nyumba inayosubiri ghorofa. Kwa sababu ya nondo hizo, mtaa mzima unamwita mume wangu Bwana Ghorofa. Yeye ni fundi rangi, lakini akiitwa hivyo anaitika kifua mbele!

Mwaka jana binti yetu alishika mimba. Yeye na mumewe waliomba kuhamia kwetu, na nyumba ilikuwa imejaa.

"Nafasi iko juu ya chumba cha mama," mume wangu akasema. "Nondo zinangoja tu."

Akapatana na mwashi. Kazi ianze Jumatatu ya wiki inayofuata.

Jumatano alikuja mteja wangu, mhandisi wa majengo, kupimwa gauni. Nampima kiuno, hatulii. Shingo yote dirishani.

"Dada, simama vizuri, nitakushonea gunia."

"Samahani. Hizo nondo zinashuka mpaka wapi?"

"Si mpaka chini?"

"Umeziona zikishuka?"

Sikuwa nimeziona. Nikamweleza habari ya Jumatatu.

"Nondo ya juu haikuambii kilichopo chini," akasema. "Chumba kilichojengwa kubeba paa lake tu, usikitwishe chumba kingine kabla hakijapimwa. Humo analala nani?"

"Mama mkwe."

Tukatazamana.

"Jumatatu msianze," akasema. "Nitakuja Jumamosi."

Mume wangu alinuna siku mbili. "Mteja wa gauni ndiye wa kunifundisha nyumba yangu?" Lakini Jumamosi alikuwa wa kwanza kushika jembe.

Mhandisi alianza kwa kuzunguka chumba, akitafuta nyufa. Kisha akamwonyesha mume wangu pa kuchimba, pembeni mwa ukuta. "Shimo dogo tu, shemeji. Tuuone msingi unapoishia."

Alichimba akipiga mluzi. Shimo lilipofika magotini, mluzi ukakatika. Msingi ulikuwa umeishia hapo. Chini yake ulikuwa udongo laini wa kujazia, unachotwa kwa mkono.

"Bado kuna nguzo," mume wangu akasema haraka. "Ziko ndani ya ukuta."

Mhandisi akatoa kifaa kidogo cha kutafuta chuma. Akakipitisha kwenye pembe ya chumba, toka chini mpaka juu. Kimya. Pembe ya pili, kimya.

"Labda betri imeisha," mume wangu akasema.

Mhandisi akapanda ngazi, akakiweka juu ya paa. Kikalia pi-pi-pi!

"Betri nzima, shemeji."

Mama mkwe wangu alikuwa ameketi mlangoni, anatazama yote. "Mwanangu," akasema, "sema ukweli."

Mume wangu akainamisha kichwa. "Hizo nondo nilizichomeka siku ya kumwaga zege. Shibiri mbili tu. Nilitaka watu waone tuna mipango."

"Kumbe ni mapambo!" mama akasema. "Ungeniangushia ghorofa zima kichwani kwa ajili ya mapambo?"

Sote tukacheka, hata mama. Lakini mimi niliikumbuka Jumatatu. Zilikuwa zimebaki siku mbili.

"Basi binti yangu hana pa kukaa," nikasema.

"Sijasema hivyo," mhandisi akajibu. "Nimesema chumba hiki hakiwezi kubeba kingine. Kuta, sakafu, vitanda, watu, vyote ni mzigo, na mzigo lazima ufike kwenye ardhi ngumu. Tunaweza kusimamisha nguzo mpya nje ya kuta hizi, kila moja na msingi wake wenye kina. Nguzo ndizo zitabeba chumba cha juu. Cha mama hakitaguswa."

"Mwashi alisema mwezi mmoja tu," mume wangu akalalamika.

"Hii itachukua zaidi. Udongo upimwe, mchoro uchorwe, kibali kitoke, ndipo mchimbe. Na wakati wa ujenzi mama ahamie nyumba kubwa."

Mume wangu akamtazama mama yake. "Hata mwaka mzima," akasema. "Nitangoja."

Ilichukua miezi saba. Mama alilala sebuleni, karibu na cherehani yangu, na akanikosoa kila mshono. Mtoto alizaliwa kabla sakafu ya juu haijamwagwa, tukabanana naye hivyo hivyo. Mhandisi alikuja kukagua kila msingi kabla ya zege. Zile nondo za mapambo mume wangu alizikata mwenyewe, mchana kweupe, majirani wakimtania.

Sasa binti yetu na mumewe wanakaa juu na mtoto wao. Mama amerudi kwenye chumba chake, chini yao.

Juzi mimi na binti yangu tulikuwa tunakata kitambaa. Mara mama akatoka mbio chumbani kwake, kanga begani.

"Mtoto anatembea! Njooni!"

"Mama, yuko juu na baba yake. Umemwonea wapi?"

"Sijamwona, nimemsikia! Hatua ya kwanza, ya pili, ya tatu, halafu puu!"

Tukapanda ngazi tukikimbia. Kweli, mtoto alikuwa amekaa sakafuni anacheka, na baba yake anajifuta machozi.

Toka chini mama akapaza sauti: "Mwambieni arudie! Nasikiliza!"