Lori la Itembula na Kadi ya Ukutani

Ndugu zangu, mwaka sabini na sita Itembula, kijiji cha Ufipa, palikuwa mahali ambapo mtu angeweza kukaa akatulia. Nyumba zilipangwa mstari kama Serikali ilivyotaka, mahindi na ulezi vilikubali, na watu waliporudi kutoka shamba la ujamaa bado walikuwa na nguvu ya kucheka. Jumapili baada ya misa wanaume walikusanyika kando ya ofisi ya kijiji wakilitazama lori. Ndiyo, kulitazama tu. Lilikuwa lori la tani saba, jipya, la buluu, na kijiji kilikuwa kimepewa na mkoa mwezi wa Februari kama zawadi ya mavuno mazuri.

Dereva wake alikuwa Zenon. Huyu alijifunza kuendesha kwenye gari la misheni. Alikuwa mtu mpole, asiyependa kubishana na mkubwa, na ninyi mtaona upole ule ulimfikisha wapi. Kila asubuhi alilipangusa lori kwa kitambaa hadi kwenye magurudumu. Watu walisema ni maringo ya dereva, lakini walikosea. Miaka miwili kabla, mkewe Bertilla alipata uchungu wa mimba yao ya kwanza, akabebwa kwa machela kwenda hospitali ya Sumbawanga. Mtoto alifia njiani, wakiwa wamefika kwenye daraja la miti, akazikwa hapo. Lori lilipoletwa, Zenon alimshika mkewe mkono akamwambia, "Hakuna atakayekubeba kwa machela tena." Ahadi hiyo ndiyo aliyokuwa akiipangusa kila asubuhi.

Pamoja na lori ilikuja kadi moja ngumu, yenye picha ya rangi na maandishi ya Kiingereza juu na chini. Wakala aliyeuza lori, pale Mbeya, alimkabidhi mwenyekiti wa kijiji, Ndugu Polikarp, akamwambia, "Hii ndiyo gharanti yenu, lori likiharibika mtatengenezewa bure, itunzeni sana." Polikarp alikuwa mtu wa kutii maagizo, basi akaitunza. Alimwita seremala akaitilia fremu na kioo, akaitundika ofisini juu ya kiti chake. Kila mgeni alionyeshwa kadi ile kabla hajakaribishwa kukaa. Wote waliisifu, na hakuna hata mmoja aliyeisoma. Mnacheka? Chekeni sasa, maana mbele hakuna pa kuchekea.

Mwezi wa Mei Zenon alikuwa akipanda mlima kutoka Mtowisa na magunia ya mpunga. Injini ya dizeli ina kelele zake, na yeye alizijua. Siku hiyo alisikia nyingine, ngo, ngo, ngo, chini kabisa, kama mtu anayegonga mlango kwa kifundo cha kidole. Alizima akashuka, akatega sikio. Akawasha tena na mlio ukawa uleule. Alifika nyumbani amechoka roho kuliko mwili, na Bertilla akampokea mlangoni na habari yake.

"Zenon, huu ni mwezi wa pili sijaziona siku zangu."

Alifurahi, kisha papo hapo akaogopa. Kesho yake alfajiri alikwenda kwa Polikarp, ambaye alikuwa kaka wa Bertilla wa tumbo moja, na ndiye aliyempa kazi ya udereva.

"Shemeji, injini inagonga. Tuwaandikie Mbeya sasa hivi, gharanti bado ipo."

Polikarp alifunga mlango wa ofisi kwanza. "Gari lina miezi mitatu, litagongaje?"

"Limekuja na ugonjwa wake huko lilikotengenezwa. Mimi sijalitesa."

"Nani atakuamini? Saba Saba wageni wa mkoa wanakuja hapa hapa. Nisimame mbele yao niseme zawadi yao ni mbovu? Watasema watu wa Itembula hawajui kutunza kitu. Vijiji vya jirani vitatucheka mpaka tuzeeke. Ngoja sikukuu ipite."

"Na likifa kabla?"

"Wewe ni dereva au padre? Linyamazishe tu."

Sasa hapa, ndugu msomaji, mtu mwingine angekataa. Angepanda basi akaenda Mbeya yeye mwenyewe. Zenon alisema, "Sawa, shemeji." Dawa ya kulinyamazisha aliijua tangu misheni, ila huko alikatazwa kuitumia. Alimwaga oili ya injini, akatia ile nzito ya giaboksi, akaichanganya na grisi. Alipowasha, mlio ulikuwa umezama. Bertilla alikuwa amesimama pale na ndoo ya maji kichwani.

"Umeliponya?"

"Nimelinyamazisha."

"Mgonjwa akizibwa mdomo ndiyo kapona?"

Zenon alicheka kidogo, akamwambia asiwe na wasiwasi, Saba Saba siyo mbali. Usiku alilala vizuri. Nasema hivyo kwa sababu baadaye yeye mwenyewe alilirudia jambo hilo mara nyingi, kwamba usiku ule alilala vizuri.

Saba Saba ikafika. Lori lilipita mbele ya wageni limebeba kwaya, limefungwa maua, kimya kabisa. Wageni wakapiga makofi. Polikarp alitokwa na machozi ya furaha. Siku ya tatu Zenon alimkumbusha, naye akasema mahindi yako shambani, tuvune kwanza. Walipovuna akasema tusafirishe kwanza. Gharanti ilikuwa ya miezi sita. Agosti ikaingia, ikatoka, na kadi ikabaki inang'aa ndani ya kioo chake.

Septemba, Zenon akiwa njiani kwenda Sumbawanga na mahindi ya ushirika, lori lilitoa mshindo mmoja. Chuma kilitoboa ubavu wa injini, na oili ikamwagika barabarani, nyeusi, nzito kama uji. Zenon alisimama akaitazama inavyotambaa kwenye vumbi. Hakuhitaji kufungua kitu ili ajue injini imekufa. Lori likavutwa na gari la ushirika mpaka Itembula, likaachwa kando ya ofisi.

Ndipo Polikarp alipokumbuka gharanti. Injini ikashushwa, ikapelekwa Mbeya, na Zenon akaisindikiza. Mkuu wa karakana ya wakala, Bwana Asajile, alichovya kidole katika mabaki ya oili, akayasugua kati ya vidole viwili.

"Hii ni nini?"

"Oili."

"Oili gani, kaka?"

Zenon alitazama viatu vyake. Asajile akafuta mkono. "Na kadi yenu? Kile kipande cha chini mlikikata mkakirudisha?"

"Kadi iko ofisini. Imetiwa fremu."

Asajile hakucheka, na hilo lilimuuma Zenon zaidi. Alipelekwa ofisini kwa meneja, ambaye alimwambia muda umepita, na tena wao ni wauzaji tu, injini hawakuitengeneza wao. Aandike kiwandani.

Basi wakaandika. Karani wa ushirika pale Sumbawanga mjini, Ndugu Tuntufye, kijana wa Kinyakyusa mwenye Kiingereza kizuri, aliwaandikia barua bila kuchoka. Kiwanda kikajibu kwamba malalamiko yapitie kwa mwakilishi wao Dar es Salaam. Dar es Salaam wakajibu waone wakala wa Mbeya. Mbeya wakajibu walishajibu. Kila barua ilianza kwa kushukuru na kumalizika kwa kusikitika. Zenon alikuwa akitembea hadi Sumbawanga kuuliza kama kuna jipya, anafika ofisini vumbi hadi magotini, na Tuntufye akimwona tu mlangoni alikuwa anatikisa kichwa ili asimpotezee muda wa kusalimia.

Nyumbani tumbo la Bertilla lilikuwa likikua. Hakumlaumu mumewe. Alimuuliza jambo moja tu, mara moja, wakiwa wanapalilia.

"Disemba litakuwa limepona?"

"Litakuwa limepona," alisema Zenon, na alijua anasema uongo.

Disemba mvua ilishuka juu ya Ufipa siku tatu mfululizo. Siku ya nne, asubuhi, uchungu ukaanza. Mkunga wa kijiji, Mama Cornelia, alimshika akatoka nje na uso uliobadilika.

"Mtoto kakaa vibaya. Huyu ni wa hospitali, na ni sasa."

Hapakuwa na gari jingine. Wanaume wanne walifunga machela, na Zenon akashika mti wa mbele mwenyewe. Njia ya kutokea ilipita kando ya ofisi. Lori lilikuwa pale, halina injini, kuku wamejikinga mvua chini yake. Bertilla aligeuza kichwa akalitazama mpaka walipolipita.

"Limenyamaza kweli," alisema.

Walitembea katika matope yaliyofika kwenye mashavu ya miguu. Zenon aliteleza mara mbili, na mara zote mbili alisikia mkewe akijizuia kulia ili asimvunje moyo. Saa tisa mchana walifika kwenye daraja la miti. Maji yalikuwa yamelifunika, ikabidi wangoje yapungue. Hapo hapo kwenye majani, chini ya shuka lililoshikiliwa na wabebaji, alizaliwa mtoto wa kiume. Hakulia. Cornelia alimpiga mgongoni, akampulizia, akamgeuza, kisha akamfunika uso. Daraja lilikuwa ni lile lile la miaka miwili iliyopita. Bertilla alifikishwa Sumbawanga akiwa hai, akakaa hospitalini majuma sita, na daktari akamwambia hatazaa tena.

Februari, mwaka mzima tangu lori lifike, Tuntufye alikuja Itembula kwa pikipiki ya ofisi. Alimkuta Polikarp kitini pake, akaomba Zenon aitwe. Bertilla alikuja naye bila kuitwa, akasimama karibu na mlango.

"Kiwanda kimejibu," alisema Tuntufye. Akawatafsiria polepole. Injini zenye namba za mfululizo mmoja na yao zilikuwa na kasoro ya kiwandani. Kiwanda kiligundua mwezi wa Juni. Wateja wote waliokuwa wamerudisha kipande cha kadi waliandikiwa mara moja, na kila mmoja alitumiwa injini mpya bila kulipa chochote. "Kwa masikitiko," alisoma, "kwenu hatukuwa na anwani. Na sasa, kwa kuwa muda umepita na injini ilitiwa oili isiyoruhusiwa, hatuna la kufanya."

Bertilla alivuka chumba, akapanda juu ya benchi, akaishusha fremu. Akaipangusa vumbi kwa khanga, akampa Tuntufye.

"Hapa pameandikwa nini?"

Tuntufye akafuata mistari kwa kidole. "Pameandikwa, ukisikia mlio usio wa kawaida, zima injini na utuarifu bila kukawia. Na hapa chini, kata kipande hiki, jaza jina na anwani, turudishie katika siku thelathini."

"Basi," alisema Bertilla. "Walikuwa wanangoja kuambiwa tu."

Zenon akakaa chini sakafuni. "Oili niliitia mimi," alisema. "Kwa mkono huu."

Polikarp alikuwa ameinama, machozi yanamdondoka mezani. Alimpenda dada yake, msidhani hakumpenda. Lakini hebu sikieni maneno yaliyomtoka. "Ndugu Tuntufye, nakuomba barua hii isisomwe mkutanoni. Watu watatuonaje?"

Bertilla akamgeukia. "Kaka, hata leo?"

Hakungoja jibu. Jioni ile alifunga nguo zake, akaenda kwa mama yake, huko Kizwite. Zenon alimfuata mara tatu, na mara zote alipewa chakula, akaongeleshwa kwa adabu, akasindikizwa hadi njiani, akarudi peke yake. Hakushika tena usukani wa gari lolote. Lori lilioza palepale. Kuhusu kadi, Polikarp aliirudisha ukutani, kwa sababu msumari ulibaki na ukuta ulionekana uchi.

FUNZO

Ndugu zangu, msiseme kiwanda ndicho kilichoua. Kiwanda kilikosea chuma, na wauzaji walikosea walipouza gari bila kuwaeleza watu karatasi yake kwa lugha wanayoijua, kisha wakatupiana watu hao kama mpira. Dhambi hiyo ni yao, na waibebe. Lakini dawa ilikuwepo, bure, mwezi wa Juni, nasi tuliifungia ndani ya kioo. Kilichokosekana Itembula ni mtu mmoja wa kusema mapema, mbele za watu, kwamba kitu chetu ni kibovu.

Karatasi unayopewa pamoja na kitu isomwe siku hiyo hiyo. Kama huijui lugha yake, mtafute anayeijua. Ubovu ukiusikia, utaje ungali mdogo, hata wageni wakiwa mlangoni. Na wewe uliye chini ya mkubwa, akikuambia unyamazishe jambo, kumbuka kwamba mkono utakaolinyamazisha ni wako, siyo wake.

Pale kwenye daraja la miti yapo makaburi mawili madogo. Ukipita, punguza mwendo.