Tableti Iliyokataa Kutulia

Pikipiki ilikuwa bado nyuma yake.

Noëlla Kabemba aliiona kwenye kioo cha TVS yake, imejaa vumbi jekundu, ikiyapita malori ya shaba upande wa kulia, upande ambao mtu mwenye akili timamu hapiti. Akaongeza mwendo. Alikuwa ajenti wa Idara, amefunzwa kufukuza na kufukuzwa, lakini moyo ulimdunda mpaka akausikia masikioni. Watu hudhani majasusi hawaogopi. Watu hudhani mengi.

Begani alikuwa na mkoba, na ndani ya mkoba tableti.

Maisha ya Donatien yalitegemea tableti hiyo.

Akaingia sokoni, akapenya katikati ya meza za dagaa wa kapenta huku akina mama wakimtukana ipasavyo, akakata kona na kuzima injini nyuma ya ukuta wa kanisa. Pikipiki ikapita moja kwa moja.

Akashusha pumzi. Yule alikuwa mtu wa Antoine. Kolwezi nzima ilimjua Antoine kwa suti zake nyeupe. Idara ilimjua kwa kobalti aliyokuwa akiivusha mpaka wa Angola, kwa faida ya wageni wasiopenda kuulizwa majina.

Redio ya Motorola ikakoroma.

"Sindano, apa Cherehani. Uko na uzi?"

"Niko nayo. Lakini inakatika."

"Inakatika namna gani?"

"Inajizima, inajiwasha. Inajizima tena. Karte, ile ramani, haifunguke hata kidogo."

Cherehani alikuwa tata Polycarpe, mkuu wake, mzee ambaye hakuwahi kupandisha sauti.

"Kamiyo, ile lori ya Antoine, ilisha kutoka," akasema. "Bantu yangu beko ku balabala ya Lubudi. Kama inaenda Mutshatsha, tutaikosa. Fanya mbio, mama."

Noëlla alijua kukosa kulimaanisha nini. Donatien alikuwa mchimbaji, baba wa mapacha. Yeye Noëlla ndiye aliyemwomba ajiunge na wapakiaji wa Antoine. Ndiye aliyempa kifaa cha kufuatilia safari, cha kunasisha chini ya lori, pamoja na tableti ya kukiunganisha nacho papo hapo. Donatien alifanya yote. Kisha akaificha tableti ndani ya kiroba kwenye depoti, Noëlla aje kuichukua, kama walivyopatana, naye akapanda lori pamoja na wapakiaji wenzake.

Habari nyingine ilifika baada ya hapo. Wapakiaji wa safari iliyopita hawakurudi nyumbani. Antoine hakuacha mashahidi.

Noëlla akaiwasha TVS tena, akaenda kwa Gael.

Gael alikuwa fundi wa simu mwenye kibanda cha kontena karibu na stendi ya malori. Alizitengeneza redio za Idara na hakuuliza maswali. Akaiweka tableti juu ya meza. Ikawaka, ikaonyesha nembo, ikazima. Ikawaka. Ikazima.

"Mama Noëlla, ni batri," akasema. "Ao virusi. Kama beko bantu banaingia mu mashini, beko banaona fasi uko."

Noëlla akautazama mlango. Akamwona Antoine akilini mwake, ameketi mahali fulani, ametulia, akitazama nukta moja ndogo kwenye kibanda cha Gael. Akaushika mpini wa bastola yake, Browning, chini ya koti.

"Fungua, Gael. Mbio."

Gael akachukua bisibisi, lakini kwanza ilibidi aondoe vifungio. Donatien alikuwa ameifunga tableti kama wachimbaji wanavyofunga kila kitu kinachoshuka shimoni: mfuko wa plastiki kuzuia maji, kisha vipande vya mpira wa tairi, vimevutwa mpaka mwisho. Noëlla alikuwa amechana plastiki juu ya kioo tu na kuacha mengine. Hakuona ajabu yoyote. Baba yake aliifunga redio vivyo hivyo. Simu ya Gael mwenyewe ilikuwa na mpira huohuo kiunoni.

Gael akakata mpira kwa wembe.

Tableti ikawaka, ikaonyesha nembo.

Haikuzima.

Wakangoja. Haikuzima bado, na bisibisi ilikuwa haijagusa skrubu hata moja. Gael akauokota mpira, akaulinganisha na ubavu wa tableti. Ulikuwa umelala juu ya kitufe cha kuwashia, ukikibana muda wote.

"Kumbe ni sisi tulikuwa tunaifinya," akasema taratibu.

Ramani ikafunguka. Nukta ilikuwa upande wa magharibi, kwenye barabara ya Mutshatsha.

Nukta haikuwa inatembea.

"Cherehani, apa Sindano. Kamiyo iko ku balabala ya Mutshatsha. Imesimama fasi banachomea miti ya makala."

"Uko na hakika? Nikitosha bantu ku Lubudi nibatume uko, na ikuwe bongo, karte inadanganya, basi imekwisha."

Hakuwa na hakika. Mashine hii ilikuwa na wazimu sasa hivi tu. Nani angemwambia kwamba imepona?

"Niko na hakika," akasema.

"Batachelewa kufika. Ubangoje."

Hakungoja.

TVS ilinguruma njia nzima ya vumbi, na njia nzima Noëlla alimwona Donatien amekwisha kufa. Alipoona viroba vya makaa vimepangwa kando ya barabara, akaisukumia pikipiki vichakani na kutembea ameinama.

Lori lilikuwa pale, limefunikwa turubai. Dereva alikuwa ameinamisha kichwa juu ya usukani, hataki kuona. Wapakiaji walikuwa wamepiga magoti nyuma ya lori, nyuso zimeelekea porini. Donatien alikuwa katikati yao.

Antoine alisimama nyuma yao na suti yake nyeupe. Bastola mkononi.

Noëlla akainua Browning. Mkono ukamtetemeka. Akaushika kwa mkono wa pili, ukazidi. Kutoka hapo angeweza kumpiga yeyote kati yao.

Akaishusha bastola, akaichomoa tableti mkobani. Pembeni mwa ramani palikuwa na alama ya kengele, ya kukiita kifaa kikipotea. Akaishika kwa ncha za vidole, mbali kabisa na kile kitufe. Tafadhali, akaiambia. Sasa usizime.

Akagusa kengele.

Chini ya lori kitu kikalia kwa sauti kali, kikakatika, kikalia tena.

"Ni nini inalia?" Antoine akageuka. "Weye, chauffeur, ni nini ile?"

Dereva hakuinua kichwa. Antoine akakunja suruali yake magotini ili isichafuke, akainama kuchungulia chini ya lori.

Noëlla tayari alikuwa anakimbia.

Akaugandisha mtutu wa Browning kwenye kisogo cha Antoine.

"Tupa, Antoine. Mi niko natetemeka. Unasikia vile natetemeka? Kidole inaweza kukosea."

Antoine alisikia. Akatupa.

Watu wa tata Polycarpe walifika kwa Land Cruiser mbili, wakamfunga pingu, wakafunua turubai. Kobalti ilijaa mpaka juu.

Donatien akamjia, magoti yake yana udongo. Hakuwa anatabasamu.

"Yaya Noëlla, ulikuwa unajua banaweza kutuua?"

"Nilijua leo. Kiisha wewe kupanda."

Donatien akayapangusa magoti. "Na sasa? Kuko kazi ingine?"

"Kwako hapana. Rudia kwa batoto."

Noëlla akavaa miwani yake ya jua, akatia mikono mifukoni na kuondoka, hatua za taratibu, mgongo umenyooka.

"Ona ile mama," askari mmoja alimwambia mwenzake. "Haogopaka hata kidogo."

Noëlla alimsikia lakini hakugeuka. Alitembea hivyohivyo mpaka viroba vya makaa vikamficha, kisha akaketi chini na kulia.