Ulimi wa Kuazima

"Ya juzi ndimu ilizidi kidogo, mwanangu. Ya jana, sina la kusema."

Bi Dengu aliacha kukoroga. Majirani walimbandika jina hilo kwa sababu ya humusi yake, lile rojo la dengu analolisaga kwa ufuta, ndimu na kitunguu saumu. Mzee aliyesimama mbele ya meza yake alimjua kwa sifa tu: Mzee Randa, fundi mkongwe wa karakana anakofanya kazi mchumba wake. Hakuwa amemwuzia kitu hata siku moja.

"Ya juzi uliila wapi, baba?"

"Karakanani. Si ile unayomfungashia mwenzio? Leo kasafiri kufuata mbao, nikaona nisishinde na njaa." Mzee akacheka, na ufizi wake ukaonekana umebakiwa na meno mawili ya pembeni. "Ulipoanza kuzimenya zile dengu ndipo nilipopata raha. Maganda yalikuwa yananitesa mno."

Bi Dengu aliweka mwiko mezani. Tangu wajuane, kila asubuhi seremala wake aliondoka na kopo la humusi, na kila jioni alilirudisha tupu, pamoja na maoni. Dengu zilowe usiku kucha. Ufuta usikaangwe hadi ukaingia uchungu. Maganda yatoke, yote. Naye alitii, akimenya dengu moja moja hadi ncha za vidole zikakunjamana. Wateja waliongezeka, lakini hilo halikuwa kubwa kwake. Kubwa ni kwamba aliwakataa wachumba wawili kabla ya huyu, na huyu alimkubali kwa kuwa alionekana kuonja kazi yake kwa moyo wote. Kumbe alikuwa akimmenyea dengu kibogoyo.

Mzee Randa aliuliza kwa wasiwasi kama ameharibu jambo.

"Hujaharibu, baba. Umenifumbua macho tu. Karibu ule."

Kisha alichukua simu akaandika: "Ukirudi, pitia hapa kabla hujafika kwenu. Uje na njaa."

Seremala aliingia jioni, vumbi la mbao bado liko nyusini. Alikuta sahani ya humusi na mkate. Akachovya, akameza kama mtu anayemeza kidonge kichungu, kisha akaanza kusifu jinsi ndimu ilivyotulia na ufuta ulivyonukia.

"Ulimi wa Mzee Randa nimeshausikia mchana," alisema Bi Dengu. "Sasa nataka wako."

Mkate ulirudi sahanini taratibu.

"Siipendi," alisema mwishowe. "Inaninata kinywani kama gundi ya mbao. Siku ile ya kwanza nilimeza tonge moja, nikakuta unanitazama. Nikashindwa."

"Ukaona bora unidanganye kila jioni."

"Niliogopa kukupoteza."

Alijitetea sana: kwamba ni chakula tu, kwamba hakuna aliyeumia, kwamba biashara ilipata faida. Bi Dengu alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamjibu bila kupandisha sauti kwamba hagombani naye kwa sababu ya dengu. Mtu kutopenda humusi si kosa. Kinywa ni chake. Lakini yeye anatafuta mume ambaye neno lake halihitaji kuulizwa mara mbili, na hadi jioni hii aliamini kampata.

"Jumamosi wazazi wanakutana kupanga siku ya harusi," alisema. "Utasimama useme haya mbele yao. Usiposema, nitasema mimi, na uchumba utaishia hapo."

Seremala aliomba amwone baba mkwe faraghani.

"Sifa ulizipokea hadharani. Na hili ulilipe hapohapo."

Jumamosi sebule ilijaa. Baba yake Bi Dengu, mwalimu mstaafu ambaye hakuwa mwepesi wa kusifu mtu, alikuwa akiwasimulia wageni jinsi mkwe wake alivyomfundisha binti yake kuilainisha humusi. Sahani zilikuwa zikizunguka. Seremala akainuka. Mama yake alimvuta shati akimtaka akae, hakukaa. Alieleza yote, tangu tonge la kwanza hadi kibogoyo wa karakana, wala hakujiongezea udhuru.

Mjomba mmoja aliuliza kama basi Mzee Randa ndiye atakayeletwa kuwa bwana harusi. Watu wakacheka. Baba hakucheka. Aliweka sahani chini, akajifuta mikono.

"Miezi yote hiyo ulikuwa ukimwongopea mwanangu, naye akikuamini?"

"Ndiyo, baba."

"Na huko kumpenda? Au nako uliambiwa na huyo mzee?"

Seremala hakuinamisha kichwa. "Hilo, baba, sikumwuliza mtu."

Baba akamgeukia binti yake, akamwambia kwamba uamuzi ni wake peke yake.

Bi Dengu alimtazama yule mwanamume. Macho yake hayakukimbia. Hakuwahi kumsikia akisema neno linaloweza kumgharimu. Leo alikuwa amesema mengi, na bado amesimama.

"Pangeni siku, baba," alisema. "Ila hiyo sahani iliyo mbele yake, iondoeni."